Gari Nililomchagulia Mama

Kwa mama yangu lilikuwepo kosa moja lililozidi wizi na uongo, nalo ni uchuro. Kulitaja baya kabla halijatokea. Ukianza tu na "nikifa mie...", atakurushia chochote kilicho karibu na mkono wake wa kulia, maana wa kushoto ulishachukuliwa na kiharusi, pamoja na mguu wake. Mie ni fundi cherehani. Nilipomshonea mke wa jirani vinguo vya mtoto kabla hajajifungua, Mama alivipokonya akavificha chini ya godoro lake mpaka mtoto alipozaliwa na kulia. "Sasa mpelekee," akasema. "Sasa yupo."

Kwa hiyo nilijua kitakachonipata siku niliyomwambia kwamba kaka yangu na mie tunatafuta gari la kumtolea bondeni maji yakija.

"Maji yapi?" akauliza.

"Ya mto, Mama."

"Yamekwambia yanakuja?"

"Mama, tahadhari kabla ya hatari."

"Na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Unanichuria, wewe mtoto. Hebu toka hapo mlangoni, unanizibia upepo."

Ndivyo tulivyokuwa, mie na yeye. Tulirithishana ukali. Alikuwa akiniita mkizi, yule samaki anayeruka kwa hasira zake mwenyewe akaangukia ndani ya chombo. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," ananiambia, na mie hapo ndipo naruka zaidi. Nimemtunza miaka saba tangu alipoanguka, na sidhani kama ilipita siku tusigombane. Nyumba ikiwa kimya, majirani walikuwa wanakuja kuuliza kama tupo salama.

Lakini maji yalishakuja mara moja, alitaka asitake. Sie tunakaa bondeni, upande wa Temeke, hatua chache kutoka Mto Kizinga, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu Baba. Wengi walishahama. Mama hakutaka hata kusikia. Alizalia humo, alifiwa na mume humo, na kuhama aliona ni kumwacha Baba peke yake. Masika moja tukaamka maji yamo chini ya kitanda. Jirani, Mungu ambariki, akaleta gari lake jipya, zuri, la kila kitu kujifanya chenyewe. Tukamlaza Mama kiti cha nyuma. Tulipofika kwenye kalavati, pale njia inapokatiza mkondo, maji yalikuwa ya magotini tu. Gari likazima. Taa zote zikawaka kwenye dashibodi, milango ikajifunga, vioo vikagoma kushuka. Jirani anabonyeza huku, anabonyeza kule, Mama ndani, maji yanapanda.

Vijana wa mtaa wakavunja kioo wakamtoa kwa dirishani. Mama yangu ni mtu mzima na ni mzito. Khanga yake ilinasa kwenye vipande vya kioo ikabaki mle ndani. Wakamweka juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa, wakambeba mabegani hadi juu, mchana kweupe, mvua inampiga, na mwili wake wote nje. Wale vijana walitazama pembeni, wallahi niliwaona. Mmoja alivua fulana yake akamtupia. Lakini Mama alikuwa mwanamke ambaye hata mie mwanawe nilimwogesha nikiwa nimetazama ukutani.

Tangu siku ile hakukaa tena barazani. Zamani alipenda kukaa pale asubuhi, vijana wanapita, "shikamoo Bibi", naye anaitika mmoja mmoja na kuuliza habari za mama zao. Baada ya maji, zile shikamoo zilikuwa zinamuuma. Alinambia mara moja tu, akiwa amegeukia ukuta: "Bora yangenichukua na nguo zangu." Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinisikie. Hapo nikaapa kwamba safari nyingine Mama atatoka bondeni akiwa amesitirika, mtu asione hata kisigino chake.

Basi tukaanza kutafuta gari.

Kaka yangu anafanya kazi kiwandani Mikocheni, na anapenda vitu vya kung'aa. Akanipeleka huko huko kwenye uwanja wa magari, akanionyesha vigari vidogo vinavyonukia upya. "Mama atakaa na kiyoyozi, sista, kama mtu." Mie nilikuwa nimekwenda na fundi wa mtaani kwetu, mzee wa Kusini ambaye hutuita watani na hajawahi kututania bila kutuudhi. Fundi akazunguka, akachungulia chini, akarudi anafuta mikono ingawa hakugusa kitu. "Haya yana akili sana," akasema. "Yakiona maji yanafikiri. Nyie mnataka gari la kufikiri au la kuondoka?"

Tukaenda kuangalia lingine Ukonga. Bodi ilikuwa ya zamani, nikafurahi, lakini fundi akanyanyua zulia upande wa abiria akatuonyesha boksi moja dogo lenye nyaya kibao. Injini ilikuwa imebadilishwa, na hilo boksi ndilo lililokuwa kichwa chake. "Kichwa kimekaa miguuni," akasema. "Maji yakiingia, linaanza kunywea hapa." Akacheka peke yake njia nzima.

La tatu tulilikuta Kibamba, kwa mwalimu mstaafu anayefuga kuku. Ilikuwa pikapu ya dizeli, namba A. Hapa Dar umri wa gari tunausoma kwenye herufi ya kibao, na wakati watu wapo kwenye E, ukitokea na namba A unachekwa na hata wauza karanga. Kuku walikuwa wanalala humo. Rangi ilishasahau kwamba ilikuwa ya bluu. Yule mwalimu alitukalisha kwanza, akatupa chai ya tangawizi, akatueleza tabia zake moja moja. "Halina haraka," akatwambia, "na gia ya pili lazima uibembeleze."

Fundi akaliwasha. Likakohoa moshi, kuku wakakimbia, kisha likatulia kwenye mlio wake: ta-ta-ta-ta. Halafu akafanya jambo ambalo kaka yangu aliliona ni wazimu. Injini ikiwa inaunguruma, alifungua betri, akaing'oa, akaiweka chini mbele ya miguu yetu. Injini ikaendelea. Ta-ta-ta-ta. Wala haikujua.

"Unaona, mtani?" fundi akanambia. "Hili halina akili. Maji yakija halitashtuka, maana halijui maji ni nini. Ya kale dhahabu."

"Ya kale kutu," kaka akajibu.

"Kutu haizimi injini, bwana mkubwa."

Nikasema tunalichukua. Kaka alinuna hadi Kimara. Tulipofika Ubungo, watoto wa shule walituonyesha kidole, mmoja akapiga kelele, "Namba A hiyo, isukumeni!" Nikampungia mkono. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilijiona nimemnunulia mama yangu heshima yake.

Na mie mwenyewe ndiye niliyeharibu. Sikumpata mwingine wa kulaumu, na nimetafuta.

Nilimwambia fundi nataka Mama apande bila kubebwa mikononi na bila kuonekana. Fundi akaongeza bomba la kuvutia hewa likapanda hadi usawa wa paa, injini isinywe maji. Nyuma akachomelea vyuma vya kubebea turubai, juu sana, ili mtu aweze kusimama humo na kumhudumia. Kisha tukafikiria kitanda. Akaunda chembamba cha mbao, cha mishikio minne, watu wanne wakishika wanakitelezesha ndani taratibu bila kumgusa mgonjwa. Nami nikashona mapazia. Nilichagua kitambaa cha kijani kilichoiva, kizito, nikayashona kwa mikunjo, yanafungwa pande zote kwa kamba. Siku nilipoyatundika nilimsogeza Mama dirishani aone.

Alitazama kwa muda. "Kitambaa kizuri," akasema. "Hapo hata jua halimwoni mtu." Kwa Mama hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima. Nikaingia jikoni nikiimba.

Nyie mnaosoma labda mmeshaona ambacho mie sikukiona. Mapazia ya kijani, kitanda chembamba cha mishikio minne, gari refu nyuma linaloingiza mtu amelala. Mie niliona Mama. Mtaa mzima uliona kitu kingine.

Haikufika wiki mbili akafariki mzee wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akiadhini msikiti wetu mdogo. Gari lililokuwa likibeba maiti lilikuwa bovu. Ustadhi akaja na watu wawili, wakasimama uani kwa adabu. "Binti, tunaomba lile gari lako. Limekaa sawasawa kabisa." Jamani, ungejibu nini? Msiba haukatazwi. Huwezi kumwambia mtu gari lipo lakini linasubiri mafuriko. Sie wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nikampa fundi ufunguo aendeshe. Wakaingiza jeneza la msikiti kwa mishikio yake, likateleza ndani bila hata kugusa pembeni, mapazia yakafungwa, wakaondoka. Ta-ta-ta-ta.

Baada ya huyo alikuja mwingine, na mwingine. Wakristo nao wakaja, nyumba ya juu, wamefiwa na mama yao. Wakafunga maua ya karatasi kwenye vyuma, nayo yalibaki pale hadi mvua ilipoyala. Gari halikubagua dini. Watu wakawa wananipa mkono njiani, "Mungu akulipe, dada, umetusitiri." Na nitasema kweli, nilipenda kushukuriwa. Mtu anayemtunza mgonjwa ndani ya nyumba hashukuriwi na yeyote, hasa na mgonjwa mwenyewe. Nilipoambiwa asante nililewa.

Mama hakuwa akitoka, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mlio wa lile gari aliujua kuliko mlio wa simu yake. Kila likiwashwa, kutoka chumbani utasikia:

"Nani tena?"

Namtajia. Anasema "Innalillahi", anageukia ukuta. Mwanzoni aliuliza kama mtu anayetaka habari. Baadaye aliuliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa nitamtajia mtu fulani. Watoto wa mtaani walishaacha kulicheka. Likipita walinyamaza na kushusha mikono, na jina lake likawa lile gari la maiti. Hata mie nilianza kulitaja hivyo bila kujua. Nampigia fundi: "Gari la maiti linataka kubadilishwa oili."

Siku moja nilikuwa namlisha uji, Mama akaumeza uliokuwa mdomoni, kisha akaniuliza: "Kile kitanda changu kimelaliwa na wangapi?"

"Hakuna, Mama. Wanakuja na jeneza la msikiti."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Ilikuwa uongo. Mara moja, siku ya misiba miwili, jeneza la msikiti lilikuwa limekwenda kwingine na wakaomba kitanda, nami nikawapa. Nilikisugua kwa sabuni siku mbili. Lakini kitanda chenyewe kilikuwa kinakaa nyuma ya mlango wa chumba chake, na mbao hazisahau kafuri. Alinusa, akanitazama, akafungua mdomo apokee kijiko kingine. Hakuuliza tena.

Ningeweza siku ile kung'oa mapazia. Ningeweza kupaka rangi ya njano, kubebea ndizi na maharusi, kumpandisha Mama mara moja jua likiwa limetulia nikamzungusha hadi Mbagala akala mishikaki akarudi. Fundi alinishauri. "Mpandishe siku ya furaha, mtani, alizoee." Nikasema nitafanya. Nilikuwa na sare za shule za kushona, halafu kukawa na msiba mwingine, na siku zikaenda.

Masika ikaja. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri, mjumbe akapita na kipaza sauti akituhimiza tutoke, mto umeshavunja kingo huko juu. Mie nilikuwa tayari zamani. Tangi limejaa, betri nzima, godoro jipya juu ya kitanda, shuka mbili, mwavuli. Nikalirudisha gari kinyumenyume hadi kizingitini, mlango wa nyuma ukatazamana na mlango wa nyumba. Kulikuwa hakuna hata hatua mbili. Nikaingia ndani natota, na hata sijafungua mdomo:

"Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni wewe. Tunaondoka."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kichwani. Ningeyapanga vingine.

Akaniambia hapandi. Nilidhani ananitania. Nikamwita fundi na vijana wawili waje washike kitanda. Alipokiona kinaingia akashika ubao wa kitanda chake mwenyewe kwa ule mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa na nguvu za mikono miwili. "Mtu hapandi gari lile mzima," akasema. "Nikilipanda mzima nitakuwa nimelizoesha."

"Mama, maji yako uani!"

"Nayaona."

"Tumelinunua kwa ajili yako! Kwa ajili ya siku hii hii!"

"Ndiyo nasema. Ulininunulia siku hii."

Hapo akaingia kaka, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa na kigari chake kidogo, alikinunua mwenyewe baada ya kunishinda ubishi kwamba gari ni la kuendea kazini. Amekiacha pale juu kidogo penye ukavu. Mama alipomwona uso ukafunguka. "Nitakwenda na la mwanangu."

Nikapandwa na jazba. "Kigari kile? Umesahau? Ni ndugu wa lile la jirani lililokuzimikia kalavatini! Ni akili ileile, Mama, kikiona maji kinazima!"

"Lile lilizima," Mama akasema taratibu, "lakini lilinitoa hai. Hilo lako halijamtoa mtu hai hata mmoja."

Na mkizi akikosa jibu huruka. Nilisimama katikati ya chumba cha mama yangu, maji yanapita juu ya vidole vyangu, nikasema, na si kwa kusema, kwa kupiga kelele: "Basi kaa! Utalipanda ukiwa maiti!"

Fundi akasema "Astaghfirullah", yeye Mkristo wa watu. Kaka akanitazama kama hanijui. Mama hakunirushia kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa karibu na kikombe cha bati, nami nilikuwa nakisubiri kile kikombe, nilikitaka kinipige. Alikisukuma tu pembeni, akamwambia kaka, "Nishike, mwanangu, twende."

Wakamfunga shuka vizuri, wakamtoa kwa nguvu za mikono. Mie nikabaki na gari tupu uani. Sikuliondoa tupu. Nilibeba mke wa jirani na watoto wake watatu, bibi mmoja kipofu wa nyumba ya pili, mtu na mbuzi wake, na cherehani yangu. Hakuna aliyeuliza maiti wala mzima, walipanda wakafungua mapazia wakachungulia. Niliwafuata kina kaka nyuma, gia ya kwanza, maji yanagonga bampa. Ta-ta-ta-ta. Lile gari halikusita hata mara moja.

Kalavatini kigari cha kaka kikazima.

Nilijua kabla sijaona. Nikasogea hadi ubavuni mwake nikasimama, injini inaunguruma. Nilishuka, maji yakanifika mapajani. Mlango wao safari hii ulifunguka. Mama alikuwa amekaa, shuka lake limeshalowa hadi kiunoni. Sikupiga kelele tena. "Mama," nikamwambia, "nakuomba. Tazama, limebeba wazima." Watoto wa jirani walikuwa wametoa vichwa kati ya mapazia ya kijani, wanacheka na mvua. Mbuzi naye analia. Mama aliwatazama. Kisha akainua mkono wake wa kulia.

Nilidhani ananipa mkono. Nikaunyoosha wa kwangu. Alikuwa anavuta khanga ya kichwani ajifunike uso.

Basi akabebwa tena. Vijana walewale wa mara ya kwanza, safari hii bila mlango, migongoni na mikononi, katikati ya mkondo, shuka linaburutwa na maji. Nilitembea pembeni nikijaribu kulishikilia lisimtoke. Lilimtoka. Aliuficha uso wake wote kwa khanga, kana kwamba mtu asipouona mwili wake, hauonwi. Nyuma yetu gari likaendelea kuunguruma na wazima wake, linamngoja dereva.

Tuliwekwa kwenye darasa la shule ya msingi pale juu, Mama juu ya madawati yaliyounganishwa. Nguo kavu tulipata jioni. Usiku kifua kikaanza, na kesho yake homa, na tukampeleka hospitali kwa gari la kuazima. Daktari alisema ni mapafu. Alikaa siku sita.

Siku ya nne alizungumza vizuri. Nilikuwa namfuta uso. Nikamwambia, "Mama, lile neno nililosema..."

"Lipi?"

"Unalijua."

Akafunga macho nikadhani amelala. "Ulimi hauna mfupa," akasema. "Mie nilishakusamehe palepale. Kazi unayo wewe." Kisha akaongeza: "Kaka yako usimseme. Gari lake alinipa kwa moyo."

"Sitamsema."

"Na wale vijana wasalimie. Waambie nimeitikia shikamoo zao."

Nilimwambia nitawaambia. Siku ya sita alfajiri akafariki, mie nikiwa nimekwenda kununua chai.

Tulimrudisha bondeni, kwenye nyumba yake. Maji yalishaondoka, yameacha mstari wa matope ukutani usawa wa kifua changu. Tulimwosha mie na mama mdogo, mdogo wake aliyekuja kwa msiba, nikatazama ukutani kama nilivyozoea, kwenye ule mstari. Tulimvisha, tukamtia kafuri. Na harufu ile ilipopanda nikakumbuka kijiko cha uji, ikabidi mama mdogo anishike mabega.

Baada ya Adhuhuri fundi alikuja mlangoni pa chumba. Hakunitania. Alivua kofia, akanyoosha kiganja, nami nikampa ufunguo. Hapakuwa na gari jingine, na hata lingekuwepo, nani angethubutu kuleta jingine mtaani kwetu? "Nitakwenda polepole," akasema. Nilimsikia anamwambia kaka afunge mapazia vizuri, kila kamba. Kaka alizifunga mwenyewe. Mama alitoka bondeni bila mtu kuona hata kisigino chake, kama nilivyoapa.

Sie wanawake tukabaki ndani. Mie nilikaa sakafuni, nimeegemea kitanda chake, upande ule aliokuwa anageukia ukuta. Nje wakaitikia dua. Kisha gari likawaka kwa jaribio la kwanza tu, halikukohoa hata kidogo: ta-ta-ta-ta. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, bila idhini yangu, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa yake.

"Nani tena?"

Mama mdogo alikuwa kando yangu. Akaniwekea mkono gotini.

"Mama yako, mwanangu," akaniambia.